Bora na Duni katika Nyimbo za Kapteni John Komba: Uhakiki wa Vigezo vya Wasikilizaji wa Mbinga na Ufukwe wa Nyasa

Mjadala juu ya nyimbo za Kapteni John Komba, mzaliwa wa Lituhi kwenye ufukwe wa Ziwa Nyasa, umekwisha kupata umbo linalojulikana. Wapenzi wake husema kuwa kilele cha kazi yake ni nyimbo za maombolezo alizoziongoza baada ya kifo cha Mwalimu Julius Nyerere tarehe 14 Oktoba 1999. Wasiompenda hukubali hilo kwa shingo upande, kisha huongeza kuwa zilizobaki ni kelele za kampeni. Katika mgawanyo huu pande mbili zinazotofautiana kisiasa zinakubaliana kuhusu wimbo ulio bora, na zinabishana tu kuhusu uzito wa ule ulio duni. Uhakiki huu unadai kuwa mgawanyo wenyewe haukukaa sawa. Unaitenga fani na matumizi yake, unasahau namna nyimbo zilivyowafikia wasikilizaji, na unapuuza vigezo vya ushindani ambavyo watu wa ufukwe wa Nyasa wanavyo tangu zamani katika ngoma ya mganda.

Kwanza ni lazima kukubaliana juu ya kinachohakikiwa. Mpenzi wa Mbaraka Mwinshehe au wa Remmy Ongala anapobishana na mwenzake, wote wawili wana sahani za santuri, kanda na albamu za kurejelea. Nyimbo za Remmy zilizotolewa na kampuni ya Real World mwaka 1989 zina jina, mpangilio na tarehe. Mtu anaweza kusema wimbo wa tatu umeizidi nguvu ya wimbo wa tano, na mwenzake akajua hasa kinachosemwa. Kwa Komba hali si hiyo. Alikuwa mwalimu, kisha askari wa JWTZ aliyefikia cheo cha kapteni, na tangu mwaka 1992 alikuwa kiongozi wa Tanzania One Theatre, yaani TOT, kundi la Chama cha Mapinduzi. Kundi hilo lilikuwa na kwaya, taarabu, dansi, ngoma, maigizo na sarakasi. Sauti ya Komba tunaijua, lakini mipaka ya utunzi wake ndani ya kazi ya pamoja ni vigumu kuichora. Taarabu ya TOT, kwa mfano, inakumbukwa kwa sauti ya Khadija Kopa na kwa ushindani wake na Nasma Khamis wa Muungano, na si haki kuihesabu kama kazi ya Komba kwa sababu tu alikuwa mkuu wa kundi. Kwa hiyo ninabaki na kwaya: nyimbo ambazo yeye ndiye kiongozi wa sauti, na ambazo wasikilizaji wa Mbinga na Nyasa huzitaja wanaposema “nyimbo za Kapteni”.

Watafiti waliotangulia wametusaidia kwa kiasi. Laura Edmondson, katika kitabu chake cha mwaka 2007 kuhusu sanaa za maonesho na siasa nchini Tanzania, aliifanya TOT kuwa mojawapo ya vikundi vitatu vya kiini cha utafiti wake, pamoja na Muungano na Mandela. Kelly Askew, mwaka 2002, alionesha kwa mifano ya Tanga jinsi taifa linavyotengenezwa jukwaani pamoja na hadhira. Kazi zote mbili zina msikilizaji wa Pwani. Msikilizaji wa Mbamba Bay, Liuli au Lituhi hakuingia ukumbini kwa kiingilio ili kuiona TOT Ijumaa jioni. Aliipata kwa redio, kwa kanda, au kwa kipaza sauti cha mkutano wa hadhara. Tofauti hii si ndogo. Mtu wa ukumbini huona mavazi, huona mcheshi, hutuza fedha. Mtu wa redio hubaki na sauti na maneno peke yake, na hukumu yake hujengwa juu ya hayo.

Nije sasa kwenye maombolezo. M. M. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 juu ya tanzu za fasihi simulizi, aliiweka mbolezi miongoni mwa nyimbo zenye muktadha maalumu wa msiba. Mbolezi za TOT za mwaka 1999 zinashika misingi ya utanzu huo: marehemu husemeshwa moja kwa moja kana kwamba anasikia, matendo yake huorodheshwa, na maswali yasiyotaka jibu hutumika kuonesha pengo. Kiongozi hubeba habari na kwaya hubeba kilio. Sauti ya Komba ilikuwa nene na kavu, sauti ya mtu aliyezoea kutoa amri, nayo ilifaa mno kwa kazi hii kwa sababu haikulia. Kilio kiliachwa kwa waitikiaji. Mgawanyo huu wa kazi ndio, kwa maoni yangu, siri ya nguvu ya nyimbo hizo. Kiongozi angalilia pamoja na kwaya, wimbo ungekuwa wa kuigiza; kwa kuwa alijizuia, msikilizaji aliachiwa nafasi ya kulia mwenyewe.

Hata hivyo, ukizisikiliza nyimbo za kampeni kwa sikio hilohilo, unakuta vifaa ni vilevile. Kiongozi yupo na waitikiaji wapo. Orodha ya matendo ipo. Maswali ya balagha yapo, ingawa sasa yanamwelekea mpinzani. Mapigo ya mwendo wa gwaride, ambayo wengi huyaona kuwa ndiyo kasoro ya nyimbo za kampeni, katika maombolezo yamepunguzwa kasi tu hadi yakawa mwendo wa jeneza. Kwa hiyo hoja kwamba Komba alikuwa msanii mwezi Oktoba 1999 na mpiga debe miezi mingine haina ushahidi wa kifani. Kama nyimbo hizo zinatofautiana kwa ubora, na naamini zinatofautiana, sababu itafutwe kwingine.

Ninaiona sababu hiyo katika hali ya orodha. Orodha ya mbolezi imefungwa: marehemu amekwisha kutenda, na hakuna litakaloongezwa wala kupunguzwa. Orodha ya wimbo wa kampeni iko wazi, kwa kuwa inachanganya yaliyotendwa na yatakayotendwa, na msikilizaji anaweza kuipima kwa macho yake. Wimbo ukitaja barabara, mkulima wa kahawa wa Mbinga anaitazama barabara inayoshuka ziwani. Ukitaja maji, anaitazama ndoo. Mwimbaji hana uwezo juu ya kipimo hiki, na hakuna sauti nzuri inayoweza kukishinda. Kwa wasikilizaji wa Nyasa kipimo kilikuwa kikali zaidi, kwa sababu kuanzia mwaka 2005 hadi kifo chake tarehe 28 Februari 2015, mwimbaji huyohuyo alikuwa mbunge wao wa Mbinga Magharibi. Aliyeiimba ahadi ndiye aliyekuwa akidaiwa. Katika historia ya nyimbo za siasa nchini hali hiyo ni nadra: Mzee Mwinamila wa Tabora na kundi lake la Hiari ya Moyo walisifu chama na viongozi, lakini sifa zao zilisikika kutoka upande wa wananchi. Komba alisifu akiwa ndani ya meza yenyewe.

Kipimo cha pili ninachopendekeza ni cha kubadilisha jina. Ondoa jina la anayesifiwa, weka jingine, kisha uone kama wimbo umebomoka. Mbolezi ya Nyerere hubomoka mara moja. Huwezi kumweka mtu mwingine mahali pa aliyeongoza nchi tangu Uhuru hadi mwaka 1985 na kuzikwa Butiama. Nyimbo za kumnadi mgombea, zile zinazotaja uchapakazi, hekima na upole, haziguswi na badiliko hilo. Jina la mwaka 1995 linaweza kukaa mahali pa jina la mwaka 2005 na mizani ya mshororo ikabaki salama. Hizi ndizo nyimbo duni katika kazi ya Komba. Uduni wake hautokani na kuwa za chama. Unatokana na kwamba mtu anayeimbwa hayumo ndani yake.

Lakini kundi la nyimbo za kampeni si moja, na hapa ndipo ninapotofautiana na wahakiki wengi wa vijiweni, wa pande zote mbili. “CCM Nambari Wani” kwa kawaida hutajwa kama mfano wa ubaya: wimbo usio na hoja. Ni kweli hauna hoja, kwa sababu hauhitaji kuwa nayo. Kichwa chake chenyewe ni majigambo, na majigambo ni utanzu wenye adabu zake. Hauorodheshi ili upimwe kwa ndoo na barabara. Unajitapa ili ujibiwe. Kwa msikilizaji wa ufukwe wa Nyasa utanzu huu si mgeni hata kidogo.

Mganda, ngoma ya wanaume wa mwambao wa ziwa, ni mashindano. Kijiji hukialika kijiji, na wachezaji hujipanga mistari, wamevaa kwa unadhifu, wakipuliza vibuyu vyenye utando unaoitetemesha sauti juu ya mapigo ya ngoma kubwa. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma ya beni, aliunasibisha mganda na ukoo mrefu wa ngoma za kigwaride zilizotoka mwambao wa Kenya mwishoni mwa karne ya 19 na kusambaa bara pamoja na askari wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Ngoma hizo zilikuwa na vyeo vya kujipa. Palikuwa na wafalme, madaktari na makapteni, na kila mtu alijua kuwa ni vyeo vya uwanjani. (Kwamba mwimbaji mashuhuri kuliko wote kutoka ufukwe huo alikuwa kapteni wa kweli, wa jeshi la kweli, ni jambo ambalo beni ingelifurahia.) Sidai kuwa Komba alizichota nyimbo zake kutoka mganda; ushahidi wa dai hilo haupo katika nyimbo zenyewe. Ninalodai linahusu hadhira: mtu aliyekua akiuhukumu mganda anajua kuwa anayejitapa hahukumiwi kwa ukweli wa majigambo yake. Huhukumiwa kwa mpangilio, kwa pumzi, na kwa namna anavyomwacha mpinzani bila jibu. Kwa vigezo hivyo “CCM Nambari Wani” ni wimbo uliofaulu sana. Ni mfupi wa wazo, unakaririka, na hata mpinzani anaufahamu kiasi cha kuukejeli.

Pingamizi linalostahili kujibiwa ni hili. Katika mganda kila kijiji huja na ngoma zake. TOT iliundwa mwaka uleule ambao sheria ya vyama vingi ilipitishwa, ikiwa na vyombo na waimbaji, wakati ambapo vyama vipya havikuwa na kundi la kulinganishwa nayo. Majigambo yasiyo na mshindani mwenye ngoma si mashindano tena, ni tangazo. Pingamizi hili nalikubali kwa sehemu kubwa, na nadhani ndilo linaloeleza kwa nini wasikilizaji wanaoipenda sauti ya Komba bila kukipenda chama chake huuonea haya wimbo huo hata wanapoutingishia kichwa. Hata hivyo, pingamizi linauhusu uwanja. Wimbo wenyewe haliugusi. Mhakiki anayetumia ukosefu wa haki wa uwanja kuthibitisha udhaifu wa utunzi amechanganya mashtaka mawili. Lile la kwanza ni zito zaidi, na halistahili kufichwa nyuma ya la pili.

Kuhusu msimamo wake wa mwaka 2014 katika Bunge Maalum la Katiba, alipopinga muundo wa serikali tatu, wapo wanaotaka uingizwe katika hukumu ya nyimbo. Umri wa nyimbo unatosha kulijibu hilo: nyingi zilitangulia mjadala huo kwa miaka 15 au zaidi.

Limebaki suala la usikivu. Nyimbo za maombolezo zina siku yake: kila tarehe 14 Oktoba ni kumbukumbu ya Mwalimu, na redio huzirudia. Nyimbo za kampeni husikika sana kila baada ya miaka 5 kisha hunyamazishwa, na zile za wagombea waliokwisha kustaafu hazirudi kamwe. Kwa hiyo msikilizaji wa Mbinga aliyezaliwa baada ya mwaka 1999 anamjua Komba kama mwombolezaji, na baba yake anamjua kama mpiga tarumbeta wa chama. Wanapobishana nyumbani nani yuko sahihi, kila mmoja anazungumzia kile ambacho redio ilimpa. Mpaka kwaya zote za TOT zitakapokusanywa, zikatiwa tarehe na majina ya watunzi, neno “bora” katika mjadala huu litaendelea kumaanisha, kwa sehemu, “iliyopigwa mara nyingi”. Kazi ya kukusanya inaweza kuanzia Lituhi, alikozikwa, ambako kanda za miaka ya 1990 bado zinaweza kuwa kwenye masanduku ya watu na ambako unyevu wa ziwa hauzihurumii.