Neno Ridhaa: Kitabu cha Kusadikika na Insha ya Msichana Mmoja

Kitabu chaweza kukaa nyumbani miaka mingi kama jembe lililowekwa darini: watu wote wajua kuwa lipo, lakini hapana alimaye nalo. Ndivyo kilivyokuwa kwetu kitabu cha Kusadikika, alichokitunga Shaaban Robert na kupigwa chapa mwaka 1951. Kimesomwa katika shule za sekondari kwa miaka mingi, nasi tumekifundisha mara nyingi hata tukadhani ya kuwa hakina jipya la kutuambia. Tuliuliza maswali yale yale, tukapokea majibu yale yale. Hata siku moja msichana wa kidato cha nne akatuandikia insha juu yake, nayo ikatufanya tukisome upya, tena kwa haya kidogo. Twapenda kuwaletea habari za insha ile, kwa ruhusa yake mwenyewe, pasipo kutaja jina lake wala kijiji chake.

Kwanza tuwakumbushe hadithi, kwa ajili ya wale wasioisoma. Kusadikika ni nchi iliyo angani, wala haimo katika ramani. Huko kijana Karama ashitakiwa mbele ya mfalme kwa sababu amewafundisha watu habari za sheria. Mshitaki wake ni Majivuno, mtu mkubwa katika serikali ile. Karama hajitetei kwa machozi wala kwa kuomba radhi. Asimulia siku baada ya siku habari za wajumbe sita waliotumwa zamani kutafuta mambo ya kuifaa nchi: wanne katika pande nne za dunia, mmoja mbinguni, na mmoja ardhini. Wote waliteseka njiani, wote walirudi na maarifa, na malipo ya wote yakawa gereza. Majina yao ni Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Mwisho Karama ashinda, na waliofungwa wafunguliwa.

Uzuri wa kitabu hiki u katika mpango wake. Mshitakiwa amegeuka kuwa mshitaki. Kila asimuliapo safari ya mjumbe mmoja, ni kama aliyeleta shahidi mpya barazani, na nchi nzima yajikuta kizimbani bila kutajwa kwa ukali. Mtungaji alizaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga, akawa karani wa serikali wakati Tanganyika ilipotawaliwa na Waingereza. Mtu wa namna ile hakuweza kusema kila neno waziwazi. Basi aliipeleka nchi yake angani, apate kusema juu ya nchi zilizo chini.

Tena ametumia lugha yenyewe kuwa silaha. Jina la kitabu latoka katika neno sadiki. Kama njia iwezayo kupitwa hupitika, na mzigo uwezao kubebwa hubebeka, vivyo hivyo jambo liwezalo kusadikiwa husadikika. Lakini je, kila linalosadikika ni kweli? Hapo ndipo penye mtego. Wakuu wa nchi ile wasadiki upesi neno la mshitaki, na neno la aliyekwenda akaona kwa macho wakataa kulisadiki. Kadhalika majina ya watu yana maana: Majivuno ni majivuno, Auni ni msaada, Buruhani ni dalili ya kweli, na Ridhaa ni kukubali kwa moyo pasipo kushurutishwa. Mwenye kusoma sharti awe na kamusi karibu, au mzee.

Sasa twarudi kwa yule msichana. Alikuwa na daftari la maneno. Tangu siku ya kwanza ya kidato cha kwanza, kijana wa Tanzania aliyefundishwa kwa Kiswahili katika shule ya msingi hukuta masomo karibu yote yamegeuzwa kuwa ya Kiingereza. Kwa hiyo daftari lake lilikuwa na safu mbili, Kiingereza kushoto na Kiswahili kulia. Sisi tulilisifu sana daftari lile. Tulikuwa tukiwaambia wanafunzi wote waokote maneno mazito wayatie katika insha zao, maana ndiyo pambo la msomi. Lakini insha yake juu ya Kusadikika haikuwa na pambo hata moja. Maneno yake yalikuwa mepesi kama ya mtoto anayesimulia jikoni. Tukampa alama chache, tukaandika kwa wino mwekundu pembeni: "Msamiati haba." Jioni tulipokuwa tukifunga madaftari tuliisoma tena, nasi tukayafuta maneno yale.

Insha yasema hivi. Wakati wa likizo baba yake mkubwa alimwita, akamwambia, "Mwanangu, wewe umesoma. Niandikie karatasi moja." Ilikuwa karatasi ya shamba la migomba lililokuwa mkononi mwa mama yake mdogo, mjane wa ndugu wa mwisho katika ukoo. Mama huyu hajui kusoma vizuri. Karatasi ilitakiwa kusema kwamba yeye, kwa ridhaa yake, ameliacha shamba mikononi mwa shemeji yake. Naye angetia dole gumba chini. Baba mkubwa alitaka maneno makubwa, ya kiofisi, yasiyo na kituo, ili jambo lipite bila maulizo mengi. Msichana alikuwa na maneno hayo. Yote yalikuwamo katika daftari lake.

Akakaa akaandika mistari mitatu, hata alipofika kwenye neno ridhaa kalamu ikasimama. Wiki ile alikuwa amesoma habari za mjumbe Ridhaa, na neno lile alikuwa ameliandika daftarini pamoja na maana yake. Aliona, kama asemavyo mwenyewe, kuwa Ridhaa alikwisha fungwa mara moja katika kitabu, na sasa yeye yu karibu kumfunga mara ya pili kwa kalamu yake. Akainuka akasema kwa adabu, "Baba, naomba nimsomee mama kwanza." Akamsomea. Mama yule alisikiliza, kisha akauliza, "Hilo neno ridhaa, mwanangu, maana yake nini?" Akamjibu, "Maana yake, mama, umekubali moyoni mwako, hakuna aliyekulazimisha." Mama akanyamaza kitambo, akasema, "Basi hilo liondoe." Na neno hilo lilipoondolewa, karatasi haikuwa na kazi tena.

Msidhani, ndugu wasomaji, ya kuwa mambo yalikwisha kwa furaha. Baba mkubwa ndiye aliyemnunulia msichana huyu sare na vitabu tangu kidato cha kwanza. Alimwambia ya kuwa kuanzia siku ile atafute mnunuzi mwingine, na hakumwitikia salamu mpaka likizo ilipokwisha. Habari ya shamba imepelekwa mbele ya wazee, na tunapoandika haya haijaamuliwa.

Kwa nini twasimulia jambo la nyumba ya watu katika makala ya kupima kitabu? Kwa sababu baada ya kisa hiki msichana ameleta hukumu juu ya Kusadikika ambayo sisi, pamoja na miaka yetu yote ya kufundisha, hatukupata kuisema. Asema kuwa kitabu kimemsaidia, lakini kimemdanganya mahali pamoja. Katika Kusadikika mtu mbaya aitwa Majivuno, nawe wamjua kabla hajafungua kinywa. Lakini baba mkubwa haitwi Majivuno. Ni mtu aliyemfaa, mwenye watoto wake wanaohitaji kula, mwenye kucheka na kila mtu njiani. Kitabu kilimfundisha kumtambua dhalimu kwa jina lake. Nyumbani ilimpasa amtambue kwa tendo lake, huku akiendelea kumpenda na kumwamkia shikamoo.

Twaona ya kuwa neno hili ni la haki. Watu wa Kusadikika ni mawazo yaliyovikwa kanzu. Hatuwaoni wakisitasita, wala hatujui Karama alilala vipi usiku ule kabla ya kusimama barazani. Lakini yafaa tumtetee mtungaji pia. Hakukusudia kutuonyesha moyo wa mtu mmoja kwa mapana yake. Alikusudia kutuonyesha hukumu ya nchi. Mizani haina sura ya mtu, na hata hivyo yafaa sokoni. Kama majina yale yasingalikuwa na maana, msichana wetu asingaliikumbuka maana ya ridhaa saa ile alipoihitaji.

Lawama yake ya pili ni kwamba mfalme, mshitaki, mshitakiwa na wajumbe wote sita ni wanaume. Auliza: huko angani, wajane wao walisemewa na nani? Hapa hatuna la kujibu ila kumkumbusha kuwa Shaaban Robert huyo huyo aliandika wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja, mwanamke aliyetoka katika umaskini akasikika mbali kwa sauti yake. Lakini kitabu kimoja hakifuti upungufu wa kingine, na swali lake twaliacha lisimame.

La tatu ni letu wenyewe. Twaona mwisho wa kitabu ni mwepesi kupita mwanzo wake. Nchi iliyofunga wajumbe sita yafunguka kwa maneno ya mtu mmoja mbele ya mfalme mmoja. Maneno mazuri humtoa nyoka pangoni, ni kweli, lakini si kila nyoka, wala si kila siku. Msichana alisema neno la haki, akapoteza mnunuzi wa vitabu vyake. Wala hakutokea mfalme wa kumfungulia. Asomaye Kusadikika na ajue kuwa alichosoma ni tumaini la mtungaji, si ahadi ya dunia. Afadhali avichukue vile vifungo sita kuwa habari za kawaida, na ule ufunguzi kuwa jambo la kuomba na kufanyia kazi.

Basi twahukumuje? Twasema ya kuwa Kusadikika ni kitabu kinachostahili kushushwa darini. Kisomwe kwa sauti jioni, na kila jina lisimamishwe na kuulizwa maana yake, maana yafaa mtoto ajue ridhaa ni nini kabla hajaletewa karatasi. Nasi walimu tumejifunza kosa letu. Tulihesabu maneno ya wanafunzi kama mtu ahesabuye mbuzi, tukasahau kuuliza kila neno litamsaidia nani na litamwibia nani. Neno zito lililoandikwa ili mjane asielewe si elimu, hata likiwa limeandikwa pasipo kosa. Na neno jepesi lililosomwa polepole mbele yake, akaelewa, akakataa, hilo limetimiza kazi yake yote.

Insha ile tumempa alama alizostahili. Tena walimu kadhaa wa shule yetu tumeshauriana, nasi tumemnunulia vitabu vya muhula huu. Hatulisemi jambo hili kwa kujisifu, kwa maana deni ni letu: sisi ndio tuliompa daftari la maneno bila kumwambia ya kuwa siku moja atatakiwa kuchagua lipi aliandike na lipi aliache.