Samueli Alianguka Peke Yake

Kuna kejeli moja kubwa katika Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, mkusanyiko uliohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda. Ndani yake mna hadithi ya Eunice Kimaliro, "Mtihani wa Maisha", ya kijana anayeanguka mtihani wa shule ya upili hadi anataka kujitoa uhai. Kuanzia 2018 hadi 2022 kitabu hicho kilikuwa setibuku ya KCSE. Yaani watahiniwa wa nchi nzima walisoma habari za Samueli wakijiandaa kwa mtihani wa aina ileile iliyomwangusha. Ukishindwa kueleza vizuri jinsi alivyoanguka, na wewe unaanguka.

Hadithi yenyewe ni rahisi kusimulia. Samueli Matandiko anaenda kuchukua matokeo. Dada zake, Bilha na Mwajuma, ni watoto wa kufaulu, yeye amefeli. Anawadanganya wazazi kwamba amenyimwa matokeo kwa sababu ya karo. Baba anaenda shuleni mwenyewe na ukweli unatoka. Kijana anakimbilia bwawa kujizamisha, anaopolewa akiwa hai.

Kimaliro anaijua aibu. Anajua jinsi uongo mdogo kuhusu karo unavyoweza kumpa mtu muda wa kupumua, na jinsi muda huo unavyoisha vibaya. Hapo nampa heko. Lakini kuna mhusika mmoja ambaye hadithi haimhoji: mtihani wenyewe. Upo tu, kama mvua au kiangazi. Haisimami kuuliza shule ya Samueli ilikuwa na nini na ilikosa nini. Mzigo wote unabaki kwa kijana na familia yake, na funzo tunaloondoka nalo ni kwamba kufeli si mwisho wa maisha. Ni kweli, na ni jambo jema kumwambia mtoto. Ila pia ni jibu linalomwacha aliyeutunga mtihani akiendelea kunywa chai yake.

Sikiliza hata lugha yetu. Mtoto akifaulu, tunasema "ameitwa". Ameitwa Alliance, ameitwa Mang'u, kana kwamba shule ilikuwa inamjua kwa jina tangu azaliwe. Akifeli, tunasema "ameanguka". Kuitwa kunahitaji mtu wa kuita. Kuanguka unaanguka mwenyewe.

Mimi nimefundisha tusheni ya Kiswahili Kileleshwa miaka kadhaa, kwenye fleti zilizosimama pale palipokuwa na nyumba za bustani. Huwezi kukaa mtaa huu na usifikirie habari ya kuitwa, maana Kenya High iko hapa hapa, Barabara ya Mandera. Wakati wa ukoloni ilikuwa shule ya wasichana wa Kizungu. Kigezo cha kuingia kilikuwa rangi, na waliokitumia hawakukiita ubaguzi, walikiita ubora. Baada ya Uhuru kigezo kikawa alama. Hayo ni maendeleo makubwa, na sitaki mtu aniambie vingine. Lakini alama nazo hutoka mahali.

Mwaka 2011, Waziri wa Elimu Sam Ongeri alitangaza kwamba nafasi za shule za kitaifa zingegawanywa kulingana na idadi ya watahiniwa wa shule za umma na za kibinafsi. Wazazi wa shule za kibinafsi walipiga kelele: mtoto wangu amepata alama nyingi, mbona apitwe na aliyepata chache? Swali hilo si la kijinga. Mtoto wa miaka 14 aliyekesha akisoma hajamkosea mtu. Lakini upande wa pili nao ulikuwa na lake: alama 380 za darasa lenye watoto 70 na kitabu kimoja kwa watatu, je, ni pungufu kweli ya alama 410 za darasa lenye watoto 20? Nchi nzima ilibishana juu ya namba hizo kama vile zimepimwa kwenye mzani mmoja.

Halafu mzani wenyewe ukaonyesha ulivyo. KCSE ya 2015 ilikuwa na gredi A zaidi ya 2,600. Mwaka uliofuata, baada ya ulinzi wa karatasi kukazwa, A zilikuwa 141. Watahiniwa waliopata C+ kwenda juu, kiwango cha kuingia chuo kikuu, walikuwa 88,929 tu. Watoto wa Kenya hawakugeuka wajinga ndani ya miezi 12. Na kabla ya hapo, tangu 1998, Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa na mlango wa pili, ule wa wanafunzi wa kujilipia. Ukikosa alama za kozi ya sheria kwa mlango wa serikali, na mzee ana pesa, unaingia kwa huo mwingine, unakaa darasani na waliokushinda. Wakati wote huo tulikuwa tunawaambia kina Samueli kwamba wasome kwa bidii tu.

Katika mkusanyiko huohuo, Kenna Wasike anasogea karibu zaidi na jambo hili. Katika "Mapenzi ya Kifaurongo", Dennis Machora ameshavuka mtihani. Yuko chuo kikuu. Wazazi wake ni maskini, na chakula chake ni uji usio na sukari, huku wenzake wakitumiwa pesa na wazazi. Penina, binti wa tajiri, anampenda. Wanamaliza masomo, Dennis anakosa kazi, Penina anamfukuza.

Uji ule usio na sukari ndio sehemu bora ya hadithi. Unasema kwamba kuingia chuoni hakumfanyi mtu kuwa sawa na wenzake. Kunamweka tu karibu nao aone vizuri tofauti. Kwa bahati mbaya Wasike anaogopa alichokigundua. Jina la hadithi linamlaumu Penina, na mwisho wake unamlaumu Penina. Msomaji anafunga kitabu akiwa na hasira na msichana mmoja, wakati waliomfungia Dennis mlango wa kazi hawakupigwa hata jicho. Utabaka, neno tunalowafundisha wanafunzi, unageuka hoja moja ya kuandika kwenye karatasi ya tatu, kati ya usaliti na umaskini.

Mwaka 2022, mwaka wa mwisho wa kitabu hicho, nilikuwa nikisoma na wanafunzi wawili kwenye jengo moja karibu na Barabara ya Othaya. Mmoja alikuwa binti wa ghorofa ya tatu, mwenye miongozo miwili na meza yake. Wa pili alikuwa mtoto wa mlinzi wa geti, anayesoma shule ya kutwa upande wa Kawangware. Mama wa yule binti ndiye aliyesema aje naye akae, kitabu watumie pamoja. Tulikuwa kwenye dondoo la Samueli, muktadha, alama 4. Kijana akauliza, "Ticha, kwani huo mtihani wa Samueli ulisahihishwa na nani?" Binti akafungua mwongozo kutafuta. Haukuwa na jibu.

Sasa utaniuliza: tuweke nini mahali pa mtihani? Swali la haki. Kenya tunajua kinachokuja mtihani ukiondoka. Kinakuja simu ya mjomba wizarani. Kwa mtoto wa mlinzi, namba ya mtahiniwa ni kinga. Msahihishaji haoni jina la baba. Ndiyo maana siungani na wanaotaka kuuchoma mtihani. Ninachokataa ni kuugeuza cheti cha kustahili. Michael Young, Mwingereza aliyelieneza neno la utawala wa wanaostahili mwaka 1958, alilitumia kwa kejeli, akionya kwamba walioshinda wataamini wamestahili kila kitu na walioshindwa watakosa hata wa kumlaumu. Samueli pale bwawani ni huyo wa pili.

Ibara ya 56 ya Katiba inataka makundi yaliyotengwa yapewe fursa maalum katika elimu, na KUCCPS ina utaratibu wa kuwafikiria baadhi yao wanapogawa nafasi. Watu huita hiyo huruma. Mimi naiona kama kusoma alama pamoja na mahali zilipotoka, jinsi mhakiki yeyote mzuri anavyosoma dondoo pamoja na muktadha wake. Tunawapa watoto alama 4 kwa kufanya hivyo na Samueli. Sisi tunapowachagua wao, muktadha tunautupa.

Hadithi ninayoisubiri ni ya msahihishaji: mtu mwenye kalamu nyekundu, rundo la karatasi, na malipo kwa kila karatasi, anayejua kwamba alama moja aliyoinyima itamhamisha mtu kutoka udaktari hadi kozi asiyoitaka. Tumbo Lisiloshiba sasa limetoka kwenye orodha, na nakala kuukuu zimejaa kwa wauza vitabu wa kando ya barabara. Tafuta moja. Soma Kimaliro na Wasike tena, wakati huu bila mwongozo, kwa kuwa hakuna anayekusahihisha.