Testi ya kijani inaweza kutudanganya

Bandugu, wengi wetu tulijifunza React kwa mafunzo ya zamani, na pale Enzyme ya Airbnb ilisifiwa sana. Mimi pia niliisifu. Leo naikosoa.

Enzyme inakuruhusu kupasua tumbo la komponenti na kuangalia hali yake ya ndani. Sawa. Lakini mwaka 2019 React 16.8 ilileta Hooks, na mimi nikageuza komponenti zangu za klasi kuwa fonksioni. Fomu ya kuandikisha wanafunzi ilibaki ileile: butoni ileile, maneno yaleyale. Testi zilizouliza hali ya ndani zote zikawa nyekundu! Hakuna kilichoharibika. Zilikuwa zinachungulia masufuria pahali pa kuonja chakula.

Kinyume chake iko mbaya zaidi. Testi nyingine iliita moja kwa moja kazi ya kutuma fomu, ikawa kijani. Kumbe nilisahau kuunganisha butoni. Mwanafunzi anabonyeza, anabonyeza, hakuna kitu.

React Testing Library, ambayo Kent C. Dodds aliitoa mwaka 2018, inakusukuma utafute butoni kwa jina lake na uibonyeze kama mtu. Nayo iko na kasoro: ikitumia jsdom haioni mpangilio wa ukurasa, kwa sababu jsdom haichori kitu. Lakini swali lake ndilo la maana.

Basi, kabla ya kugeuza kode, andika kwanza testi ya kile mtu anaona. Ikivunjika nyuma, ujue umevunja kitu kweli. Ninyi munafanyaka namna gani?