Sikiliza Mkia wa Nota

Watu wengi hununua amplifaya ndogo ya mazoezi kwa macho. Mtu anaingia dukani Kariakoo, anaona kasha jeusi lenye wavu unaong'aa, taa za buluu, vitufe kumi na viwili na wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa, analipa, anaondoka nayo begani. Mwezi haujaisha gitaa limetundikwa ukutani, na mwenyewe ameshaamini kwamba vidole vyake ndivyo vibovu. Nimewaona wanafunzi watatu wakikata tamaa hivyo. Kila mmoja nilimchomekea gitaa lake kwenye amplifaya nyingine, na vidole vilikuwa havina tatizo lolote.

Ushauri mwingi unaotolewa kuhusu vyombo hivi umeandikwa kwa ajili ya mpigaji wa roki. Unasifu namna amplifaya inavyokoroma na kuunguruma. Gitaa letu halikulelewa huko. Tangu Fundi Konde, miongoni mwa wa kwanza Afrika Mashariki kurekodi kwa gitaa la umeme, hadi Dr Nico na Franco kule Kongo, hadi Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz na wapigaji wa benga wa Nyanza, gitaa la kwetu limeimba kwa sauti safi. Solo na rithimu zinajibizana, nyuzi mbili zinaguswa kwa pamoja, nota zinamwagika kama mtama kwenye ungo na kila punje inasikika peke yake. Amplifaya ikizichanganya punje hizo ziwe uji, haikufai, hata kama ingekuwa na efekti mia moja. Hicho ndicho kipimo changu, na mengine yote nitakayoyasema yanatoka hapo.

Nenda dukani na gitaa lako mwenyewe na waya wako mwenyewe. Gitaa la dukani hulijui, na usipolijua hutatambua kilichobadilika. Muuzaji atakuwa ameshawasha mwangwi na kila kinachopamba sauti, kwa sababu mwangwi huficha kasoro kama marashi yanavyoficha jasho. Mwombe kwa heshima, "Kaka, naomba nizime hivi vyote kwanza." Besi, midi na trebo ziweke katikati, alama ikitazama saa sita. Geini ishushe chini, voliumu ipandishe hadi kiasi cha mtu anayezungumza kwa kawaida.

Sasa piga nyuzi mbili pamoja, ya kwanza na ya tatu, kwa ule mwachano ambao kila mpiga rithimu wa rumba anaujua. Panda nazo freti baada ya freti. Amplifaya nzuri itakupa sauti mbili zilizosimama bega kwa bega. Mbaya itakupa sauti moja nene, na chini yake kuna kivuli cha nota ya tatu ambayo hukuipiga. Kivuli hicho kinatokea pale saketi inapozidiwa, kwa kuwa mawimbi mawili yanayopita mahali penye dhiki huzaa mawimbi mengine. Ukikisikia kwenye voliumu ya mazungumzo, usiendelee. Rudisha waya mfukoni.

Ikipita hapo, gusa uzi mmoja kwa ncha ya kidole, polepole kabisa, kisha uugonge kwa nguvu. Kati ya mguso na kipigo kuwe na ngazi nyingi, siyo mbili. Kuna amplifaya ambazo kila kitu hukitoa kwa ukubwa mmoja, na anayejifunza juu yake hujifunza kupiga bila hisia, kwa sababu hakuna malipo yoyote anayopata kwa kugusa vizuri. Kasoro hii ndiyo inayoniuma kuliko zote. Haiharibu wimbo wa leo tu, inaharibu mkono wa miaka ijayo.

Halafu kuna mkia. Piga nota moja, iache, na usikilize namna inavyokufa. Usiongee, usisogee, mwombe muuzaji apunguze redio. Katika amplifaya nyingi za transista kazi imegawanywa kwa wawili: mmoja anaisukuma spika mbele, mwingine anaivuta nyuma. Kama hawakupatanishwa vizuri kiwandani, kuna upenyo mdogo pale wanapopokezana. Sauti ikiwa kubwa upenyo haujulikani, lakini nota inapofifia ndipo unapojitokeza: mkia unachanika, unatoa mchakacho kama karatasi kavu inayokunjwa. Katika zile za kidijitali kasoro huwa ya aina nyingine. Kuna programu inayofunga mlango ili mvumo usisikike, na mlango ukifungwa mapema mkia unakatwa ghafla, kama mtu aliyezibwa mdomo katikati ya neno. Nota njema hufifia kwa mstari mmoja mpaka hujui iliishia wapi. Mzee aliyenifundisha rithimu hakuwahi kutazama jina la kampuni. Alipiga nota moja, akafumba macho, akasubiri. Mkia ulipokwisha alikuwa ameshaamua.

Wati zinawapoteza wengi. Ukiongeza wati mara mbili, kutoka 5 hadi 10, unapata desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio linaitambua lakini halishtuki nayo. Ili sauti ionekane imekuwa kubwa maradufu, wati inabidi ziongezwe takribani mara 10. Kwa hiyo amplifaya ya wati 15 si "mara tatu" ya ile ya wati 5, na kwa chumba cha kulala wati 2 au 3 zinatosha. Ukitaka kusikika karibu na ngoma na tarumbeta, hizi ndogo zote zitashindwa, basi usilipie wati ukidhani unanunua ukumbi. Kanisani au kwenye harusi, mbinu ya zamani bado inafanya kazi: weka maikrofoni mbele ya spika ndogo, mixa ifanye kazi ya ukubwa. Hata studio ni hivyo hivyo: kampuni ya Fender ilianza kutengeneza ukoo wa Champ mwaka 1948, na kwa miaka mingi amplifaya hiyo ya valvu ilikuwa na wati zipatazo 5 na spika ya inchi 8. Eric Clapton aliitumia studio mwaka 1970 alipokuwa akirekodi "Layla". Hakuna aliyesikiliza sahani ile akasema gitaa lilikuwa dogo.

Spika ndiyo yenye neno zito kuliko wati. Spika mbili zilizopewa umeme ule ule zinaweza kupishana desibeli 3 au zaidi, yaani iliyo bora inafanya kazi ya amplifaya yenye wati maradufu. Kisha kuna upana. Uzi wa sita ukiwa wazi hutetemeka mara 82 kwa sekunde, na spika ya inchi 3 haina uso wa kusukuma hewa ya mtetemo huo. Unachosikia ni zile sauti za juu zinazoambatana na nota, ubongo wako unajaziliza kilichobaki. Kwa solo inayokaa juu hutajali sana. Mpiga rithimu anayetembeza nyuzi nene atachoka haraka, na huyo namshauri asiteremke chini ya inchi 5. Gitaa la besi usilichomeke kabisa kwenye hizi spika ndogo, utazipasua karatasi zake.

Gonga kasha kwa konzi ya kidole. Mbao na plaiwudi hujibu kwa sauti fupi, nzito. Plastiki nyembamba hujibu kama ndoo tupu, na jibu hilo litaingia katika kila nota utakayopiga. Kisha pandisha voliumu na upite freti zote za uzi wa sita na wa tano, moja moja, bila kuruka. Karibu kila kasha ovyo lina nota moja inayoliamsha. Ukifika kwenye nota ya sol au ya la, ghafla wavu unalia, skrubu inatetemeka, mpini unacheza. Skrubu iliyolegea inakazwa, hilo si kosa la kuiacha amplifaya. Kasha linalolia lenyewe haliponi.

Tundu la kuchomekea waya litazame kwa makini, maana ndilo linaloharibika kwanza. Liwe limefungwa kwa nati ya chuma kwenye paneli, siyo kuning'inia kwenye bodi ya saketi iliyo ndani. Chomeka waya, uutikise taratibu pembeni. Sauti ikikatakata, fundi ataifungua amplifaya hiyo mwaka huu huu. Sisi wa pwani tuna adui mwingine, hewa ya chumvi: tundu la chuma duni huota kutu Tanga au Mombasa wakati lingedumu miaka kumi Arusha. Kwa amplifaya ya mtumba, zungusha kila kitufe huku hupigi chochote. Mkwaruzo mdogo ni vumbi, unasafishwa kwa dawa ya kupuliza. Kitufe kinachopoteza sauti kabisa mahali fulani kimelika.

Na mvumo. Gitaa lenye pikapu za koili moja linavuta mvumo wa umeme wa nyumbani, hezi 50, na amplifaya huhukumiwa bure kwa kosa la gitaa. Funga voliumu ya gitaa hadi sifuri. Mvumo ukinyamaza, ulitoka kwenye gitaa. Ukibaki vile vile, ni wa amplifaya au wa adapta yake. Ikiwa inatumia betri pia, chomoa adapta: ukimya ukirudi, umempata mkosaji, na unabadilisha adapta tu.

Hapa nisimame kwa wale wanaojifunzia kwenye sabufa. Nilianza huko mimi pia, kama nusu ya wapigaji ninaowajua. Sauti inatoka, lakini inatoka imefunikwa blanketi, na sababu si gitaa baya. Pikapu inatoa umeme mdogo sana, inahitaji tundu lisiloinyonya. Amplifaya ya gitaa kwa kawaida huwa na ukinzani wa takribani omu milioni 1 kwenye tundu lake. Tundu la sabufa au redio lina elfu chache au makumi ya elfu, kwa hiyo linazinyonya sauti za juu kabla hazijafika popote. Hata amplifaya ndogo ya bei ya chini iliyotengenezwa kwa gitaa itakurudishia mng'ao ambao hukuwahi kujua gitaa lako linao.

Umeme wenyewe una mambo yake. Vyombo vinavyoletwa kutoka Marekani vimejengwa kwa volti 120, na tundu letu lina 230 au 240. Niliwahi kununua moja iliyokuwa safi kama mpya, nikaichomeka bila kusoma maandishi ya nyuma, moshi ukatoka kabla sijagusa uzi. Geuza chombo, soma. Soma pia mchoro mdogo ulio karibu na tundu la adapta: chanya iko katikati au nje? Adapta ikipishana na mchoro huo, unaweza kuiunguza saketi hata kama volti zinalingana.

Betri nazipenda, kwa sababu umeme ukikatika saa mbili usiku ndio muda niliopanga kufanya mazoezi. Betri sita za kawaida zinatoa volti 9. Sita za kuchaji, zenye volti 1.2 kila moja, zinatoa 7.2, na baadhi ya amplifaya hupoteza usafi zikipewa hizo, basi zijaribu kabla ya kununua boksi zima. Betri ya lithiamu iliyojengewa ndani ni raha mwanzoni, ila kila mwaka inapungukiwa. Muulize muuzaji kama inaweza kubadilishwa. Akishindwa kujibu, hesabu kwamba haibadilishwi.

Nikilazimishwa kutaja majina, kwa muziki wetu ninaanza na Roland Micro Cube GX: wati 3, spika ya inchi 5, betri sita, na ndani yake kuna sauti iliyoigwa kutoka JC-120 ya mwaka 1975, amplifaya kubwa inayosifika kwa usafi. Boss Katana Mini ina wati 7 na spika ya inchi 4, na ina besi, midi na trebo kila moja na kitufe chake, jambo ambalo chache za umbo hilo zinalo. Blackstar Fly 3 ni ndogo zaidi, spika ya inchi 3, tamu kwa solo. Marshall MS-2 ya wati 1 inaning'inia kwenye mkanda na inafaa kutafutia wimbo ukiwa safarini, lakini usafi wake unaisha mapema. Yamaha THR10 ina spika mbili zilizotengenezwa zipige na muziki wa simu bila kuufifisha, kwa hiyo ukipenda kupiga juu ya nyimbo za Mlimani Park au Shirati Jazz, ndiyo inayokaa vizuri chini ya wimbo. Spika ya kawaida ya gitaa haifiki mbali juu ya hezi 5,000, ndiyo maana muziki wa simu ndani yake unasikika umeziba pua. Bluetooth itumie kwa wimbo huo tu. Ukitumia hedifoni ziwe za waya, kwa sababu za Bluetooth zinachelewesha sauti, kidole kinagusa sasa na sikio linapokea baadaye, na hakuna mtu anayeweza kushika mwendo hivyo.

Jaribio la mwisho watu hawalifanyi dukani kwa sababu duka lina kelele. Omba sehemu tulivu, hata stoo. Shusha voliumu hadi karibu na sifuri, kisha ipandishe kwa unywele. Nyingi zinaruka: kimya, kimya, halafu ghafla ukubwa wa kumwamsha jirani wa chumba cha pili. Nyingine zikishushwa zinakonda, besi inatoweka, zinabaki na kelele ya mbu. Ninayoitafuta ni ile ambayo saa sita usiku katika nyumba ya kupanga, mtoto amelala hatua mbili kutoka nilipoketi, naweza kuugusa uzi wa tatu kwa kidole gumba na bado nikasikia nota nzima, na mkia wake.