Makiwa na Faraja: Maneno ya Kumliwaza Mkristo Aliyefiwa

Watafsiri wa Biblia wamepimwa mara nyingi kwa sarufi yao na kwa uaminifu wao kwa Kiyunani na Kiebrania. Ni nadra kupimwa kwa mizani ya matanga, yaani kuuliza kama maneno waliyoyachagua yamfaa mtu aliyefiwa. Mizani hiyo ndiyo tutakayoitumia hapa, na mahali tulipopachagua ni Mtambile, kusini mwa Pemba, katika njia iendayo Mkoani kutoka Chake Chake. Wakristo kisiwani ni wachache mno, ingawa si wageni wa jana: Waquaker wa Uingereza, wajiitao Marafiki, walifungua misheni yao Pemba mwaka 1897, mwaka ule ule hali ya utumwa ilipoondolewa kisheria, wakawa na shamba huko Banani. Basi Mkristo akifiwa Mtambile, hapana budi wengi wa wamjiao wawe Waislamu. Asikia nini?

Kwanza asikia "makiwa". Neno hili ni la Kibantu, ndugu wa mkiwa na ukiwa. Alitamkaye hamkatazi mfiwa kulia, wala hamwelezi sababu ya mauti. Akiri tu kwamba upweke umeingia nyumbani, naye ameuona. Kisha, wageni wakiisha kupungua, Mkristo mwenziwe humfungulia Biblia na kumsomea habari za faraja. Neno hili latoka Uarabuni. Ndiyo kusema kwamba Mwislamu ametoa neno la Kibantu na Mkristo ametoa la Kiarabu, wala hapana hata mmoja aliyeona ajabu.

Jambo hili lingemtatiza Dkt. Karl Roehl. Yeye alishikilia kwamba Kiswahili cha Wakristo kipunguziwe maneno ya Kiarabu, na Biblia yake ya mwaka 1937 ilifuata shauri hilo. Canon G. W. Broomfield wa misheni ya U.M.C.A. alimpinga kwa makala, naye kwa maoni yetu alikuwa na haki, ila hoja yake yaweza kutiwa nguvu kwa ushahidi wa msibani. Kwa maana faraja haikuingia lugha hii peke yake. Iliingia pamoja na mwenzake, dhiki. Asili ya dhiki katika Kiarabu ni kubanwa, na asili ya faraja ni kufunguka kwa kilichobana. Methali isemayo kwamba baada ya dhiki ni faraja husemwa na mvuvi asiyejua herufi ya Kiarabu, na kila dini huidai kuwa yake. Sasa tazama sura ya kwanza ya Waraka wa Pili kwa Wakorintho katika tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952: maneno haya mawili yamekutanishwa. Mfiwa aisomaye sura ile hapewi fundisho geni. Apewa methali ya nyanya yake, na sasa amejua ni nani afunguaye. Kuliwaza na kutuliza ni maneno mema, lakini hunyamazisha kilio tu. Hayamtoi mtu mahali alipobanwa.

Kwa sababu hiyo twasikitika kwamba tafsiri hiyo hiyo, katika sura ya kumi na nne ya Yohana, yamwita Roho Msaidizi. Si kosa la tafsiri, kwa kuwa neno la Kiyunani lina maana ya aitwaye asimame kando ya mtu. Lakini msaidizi kwetu ni mtu wa kazi: fundi anaye, karani anaye. Sura ile imesomwa mno makaburini, na Mfariji angalisikika humo kwa sauti nyingine. Watafsiri walichagua usahihi. Aliyefiwa alihitaji pia upole.

Wapo watakaosema kwamba Mkristo akiazima maneno ya jirani ataazima na imani yake. Ushahidi hauonyeshi hivyo. Ayubu ni wa wote wawili, na utendi wake wa Kiislamu, uliochapishwa na Alice Werner kuanzia mwaka 1921, hausomwi na mtu yeyote kama Agano la Kale. Na mkopo wenyewe si wa upande mmoja. Mstari wa kwanza kabisa wa Maombolezo, katika tafsiri ya Muungano, unalo neno ukiwa. Mtu wa Mtambile aliyeambiwa makiwa mlangoni asubuhi, akifungua kitabu hicho usiku, alikuta neno la jirani yake limemtangulia humo.