Kinjeketile na Malezi ya Uongozi: Tusiishie Kwenye Orodha ya Sifa

Katika madarasa yetu ya fasihi kuna swali ambalo hurudi kila mara kwa sura mbalimbali: je, Kinjeketile ni kiongozi bora? Jadili. Majibu nayo hufanana. Ni jasiri, ni mzalendo, ana msimamo, ameunganisha makabila. Mwanafunzi hupata alama zake na kitabu hufungwa. Orodha hiyo si ya uongo, lakini inaficha jambo kubwa ambalo Ebrahim Hussein alilidhihirisha katika tamthilia yake ya Kinjeketile (1969), nalo ni kuwa mvuto wa kiongozi na ukomavu wake ni vitu viwili tofauti.

Kinjeketile Ngwale wa historia alikuwa mganga wa Ngarambe. Wajerumani walimnyonga huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya Vita vya Maji Maji kuanza. Hussein hakukusudia kuandika wasifu wake. Alichukua jina na tukio, akaumba mhusika.

Mhusika huyo anapata mvuto kwa ghafla. Anapandwa na pepo Hongo, anazama majini, kisha anaibuka akiwa mkavu. Wanakijiji waliochoshwa na shamba la pamba na viboko wanampokea mara moja. Tukichunguza vizuri, tutaona kwamba hadi hapo hajaonyesha sifa yoyote aliyoijenga mwenyewe. Kilichompa wafuasi ni muujiza pamoja na shida zao.

Uongozi wake hasa unaanza pale anapotambua kuwa ujumbe alioutoa unawaahidi watu kuwa watoto wa Seyyid Said. Anajiuliza: ni ukombozi gani huu wa kumtoa bwana mmoja na kumpokea mwingine? Wahakiki wengine huuona wasiwasi huu kuwa ni udhaifu. Kwa maoni yetu, ndio ukomavu wenyewe. Anaanza kulipima neno lake na kuhesabu gharama ambayo wengine watailipa kwa kumwamini.

Hata hivyo, tusimtakase. Amechelewa. Anawataka watu wasubiri, lakini hawaambii wazi kwa nini. Shaka yake inabaki kati yake na rafiki yake Kitunda, mtu wa mazoezi na mbinu za vita. Wapiganaji wanaendelea kulitegemea neno ambalo msemaji wake halitegemei tena. Maji yakimwagika hayazoleki. Vita vinaanza bila idhini yake.

Kwa hiyo tukio la mwisho halina jibu jepesi. Kinjeketile, akiwa mfungwa, anatakiwa kutamka kuwa maji yalikuwa uongo. Kitunda anamsihi akubali ili kuokoa maisha. Yeye anakataa, kwa sababu kukana maji mbele ya Mjerumani ni kuwaambia watoto wa kesho kuwa wazee wao walikosea kupigania haki yao. Huo ni uwajibikaji mkubwa, lakini haufuti kimya cha awali. Ukweli ambao ungewafaa wapiganaji kabla ya vita sasa ungemfaa Mjerumani tu.

Tunapendekeza basi swali libadilishwe. Badala ya kuorodhesha sifa, mwanafunzi aulizwe: Kinjeketile angesema ukweli wakati gani, kwa nani, na kwa maneno gani? Atoe ushahidi kutoka katika tamthilia. Wanafunzi wetu wengi Kiswahili ni lugha yao ya tatu au ya nne. Orodha huwadai vivumishi vichache tu vya kukariri. Swali hili litawadai kukisia, kupinga, kushawishi na kutetea hoja mbele ya wenzao. Na hapo watakuwa wanajizoeza sifa ambayo Kinjeketile aliikosa, yaani kuwaambia watu wanaokuamini jambo wasilopenda kulisikia, kabla wakati haujapita.