Mwigizaji wa Kike wa Rwanda kati ya Ushahidi wa 1994 na Hadhira ya Kiswahili: Mtazamo kutoka Gashonga

Maisha ya waigizaji wa kike wa Rwanda kwa kawaida husimuliwa kwa kufuata tuzo na matamasha ya ng'ambo. Makala haya yanakihakiki kipimo hicho kutoka Gashonga, tarafa ya wilaya ya Rusizi, katika eneo lililojulikana zamani kama Cyangugu. Wilaya hiyo inapakana na Kongo na Burundi, na Kiswahili humkutanisha mfanyabiashara wake na mteja wa Bukavu. Binti wa Gashonga akitaka kuishi kwa uigizaji, atapewa nafasi zipi, na kwa lugha ipi?

Nafasi ya kwanza ni ya shahidi. Katika 100 Days (2001), iliyoongozwa na Nick Hughes na kutayarishwa na Eric Kabera, Cleophas Kabasita anaigiza Josette, msichana anayetafuta hifadhi kanisani na kudhulumiwa na padri. Filamu hiyo ilipigwa eneo la Kibuye, kando ya Ziwa Kivu lile lile linalofika Rusizi. Katika Hotel Rwanda (2004), Tatiana aliigizwa na Mwingereza, Sophie Okonedo, naye akateuliwa kuwania Oscar. Mwaka 2005, Carole Karemera, mzaliwa wa Brussels, aliigiza Jeanne katika Sometimes in April ya Raoul Peck. Filamu zote tatu zinahusu mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Thamani ya ushahidi huo haina ubishi. Kasoro huanza pale ushahidi unapokuwa ajira pekee: riziki ya mwigizaji hungoja mwongozaji wa kigeni airudie 1994.

Eliane Umuhire anadhihirisha mipaka ya nafasi hiyo na uwezekano wa kuivuka. Kwa uhusika wa Claudine, mkimbizi nchini Poland katika Birds Are Singing in Kigali, alishinda tuzo ya mwigizaji bora wa kike huko Karlovy Vary mwaka 2017, pamoja na Jowita Budnik. Nguvu ya uigizaji wake imo katika ukimya: Claudine hakubali mateso yake yageuzwe kitulizo cha dhamiri ya mwenyeji wake. Hata hivyo, katika Trees of Peace, iliyoonyeshwa na Netflix mwaka 2022, Umuhire alirejeshwa mafichoni, miongoni mwa wanawake wanne wanaojificha wakati wa mauaji hayo.

Njia nyingine ipo. Neptune Frost (2021), ya Saul Williams na Anisia Uzeyman, ilipigwa Rwanda, na ndani yake Kinyarwanda, Kirundi na Kiswahili vinasikika pamoja na Kifaransa na Kiingereza. Humo Umuhire na Cheryl Isheja wanaigiza watu wanaouwazia ulimwengu mpya. Mwaka huohuo, Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilimpa Ikhlas Gafur Vora uhusika wa Yasmin, mwanamke anayeikimbia ndoa na kuingia katika mapenzi na siasa za Zanzibar. Huyo ni mhusika mwenye matamanio, makosa na uamuzi wake mwenyewe, naye anazungumza Kiswahili.

Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017. Hadhi hiyo itabaki ya makaratasi ikiwa haitazalisha kazi. Mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, fedha za umma za filamu zitenge fungu la miswada ya Kiswahili yenye wahusika wakuu wa kike, kwa ubia na watayarishaji wa Bukavu na Bujumbura. Pili, kazi za Kinyarwanda ziingizwe sauti za Kiswahili kwa malipo ya haki, ili mwigizaji apate ajira bila kuhama. Tatu, wasifu wa waigizaji uandikwe pamoja na kazi isiyoletewa tuzo: Karemera, kwa mfano, alishiriki kuanzisha kituo cha sanaa cha Ishyo mjini Kigali.

Kipimo cha sera hiyo hakitakuwa idadi ya tuzo. Kitakuwa uwezo wa binti wa Gashonga kuigiza mfanyabiashara, mpenzi au mwizi, na kueleweka ng'ambo ya mto Ruzizi.